Bibi Juana wa Kabatini

Saa kumi na moja kasoro robo, alfajiri ya tarehe 24 Desemba, kabati la korido kwetu lilikohoa. Hakuwa panya, haukuwa mlango. Lilikohoa kikohozi cha mzee aliyekabwa na mwiba wa samaki. Mke wangu akanipiga kiwiko.

"Umesikia?"

"Mabomba hayo."

Madrid wakati wa baridi mabomba ya maji moto hulalamika usiku kucha, na kila mume anayependa usingizi wake huyasingizia. Kikaja kikohozi cha pili. Kisha mlipuko, kisha vishindo vya vitu kuanguka, kisha mvua ikinyesha ndani ya nyumba, kisha kimya. Katika kimya hicho ikatoka sauti ya binti yetu wa miaka sita, tulivu kabisa, kutoka chumba cha pili:

"Baba, Bibi Juana ametapika."

Bibi Juana ni dumu la kioo, tumbo kubwa, shingo fupi, lililovishwa kikapu cha matete hadi kifuani. Wahispania huliita damajuana, na kwa kuwa dama ni bibi mwenye heshima zake, binti yetu alimwamkia siku ya kwanza alipomwona na hakuacha tena. Hubeba lita 16, kipimo cha kale cha Castilla kiitwacho arroba. Nilimpandisha mgongoni ghorofa nne bila lifti, mtaa wa Lavapiés katikati ya Madrid, mwanzoni mwa Desemba. Ndani yake mlikuwa na mvinyo wa baba mkwe.

Hapa lazima niseme ukweli kuhusu sisi watu wa Dodoma. Mtu wa Dodoma akifika ughaibuni hugeuka bingwa wa zabibu, hata kama kwao alikuwa anauza chipsi. Mimi angalau baba yangu mdogo alikuwa na shamba Hombolo. Kazi yangu utotoni ilikuwa kufukuza ndege kwa kopo lenye mawe, lakini hilo sikumwambia mtu. Ukweni nilijitambulisha kama mtoto wa mizabibu. Nikawaeleza kwamba kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, nao wakashangaa, maana kwao mzabibu hulala miezi ya baridi na kuzaa mara moja tu. Nikauchukua mshangao wao nikaufanya cheti.

Mke wangu alikuja Dodoma kufanya kazi ya ukunga, akaondoka na Kiswahili na mimi. Kwao ni bonde la mto Alberche, chini ya milima ya Gredos, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari magharibi ya Madrid. Jirani yao ni mji wa Cebreros, alikozaliwa Adolfo Suárez, yule waziri mkuu aliyeivusha Hispania kutoka udikteta wa Franco. Jirani mwingine ni mafahali wanne wa Guisando, sanamu za itale zilizochongwa kabla Warumi hawajafika, zimesimama uwanjani bila kusema neno kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Baba mkwe ni fahali wa tano. Maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kiganja. Kiswahili anajua neno moja tu, alilofundishwa na binti yake. Mimi humwamkia "Shikamoo, baba," naye hujibu "Marahaba" kwa uzito wa mtu anayetia sahihi hati ya shamba.

Mwishoni mwa Septemba tulikwenda kumsaidia kuvuna. Shamba lenyewe lilinitisha. Zabibu za baba mdogo zilitambaa juu ya nguzo na waya kama wageni waliopangiwa viti. Kule kila mzabibu umesimama peke yake, mfupi, shina limejikunja kama mkono wa mzee aliyelima maisha yake yote, kwenye mchanga mweupe wa itale uliokatika. Ndiyo Garnacha. Haidai mwega, kwa sababu matawi yake husimama wima yenyewe. Ukame inauvumilia, upepo inauvumilia, na huiva kwa kuchelewa wakati zabibu nyingine zimekwisha kuvunwa. Wafaransa huiita Grenache, watu wa Sardinia huiita Cannonau, lakini Wahispania wanasema ni mwana wao, na ukiwa ukweni hubishani.

Nilichuma punje moja nikaibinya. Ganda lilikuwa jembamba, na maji yaliyochuruzika kidoleni yalikuwa meupe kama maji ya dafu. Nikakumbuka kwamba zabibu nyekundu rangi yake hukaa gandani, ndani hamna kitu. Nikalamba kidole, nikasahau. Laiti ningelikumbuka jambo hilo moja, Bibi Juana angekuwa mzima hadi leo.

Jioni baba mkwe akanipeleka kwenye pango lililochimbwa chini ya nyumba, mahali mvinyo unapochachukia. Mlangoni akawasha mshumaa, akaufunga kwenye ncha ya fimbo, akaushusha mbele yake hatua kwa hatua. Nikadhani ni ibada. Mimi Mwanglikana wa Dodoma sina desturi ya kupiga ishara ya msalaba, lakini nikaipiga, kwa heshima ya ukwe. Mke wangu akacheka hadi akakaa kwenye ngazi. Kumbe mshumaa ule ni mlinzi. Zabibu zikichachuka, hamira hula sukari na kutoa pombe na gesi ya kaboni, na lita moja ya maji ya zabibu hutoa zaidi ya lita 40 za gesi hiyo. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujilaza chini ya pango kama nyoka kwenye shimo. Wenyewe huiita tufo, na imeua watu. Mshumaa ukizimika, unageuka, unapanda ngazi, huulizi swali.

"Mvinyo unapumua," baba mkwe akasema. Alipoona nimeitikia kwa kichwa, akaongeza: "Uache upumue."

Hayo yalikuwa maneno manne ya siku ile, na yote yalinihusu.

Wahispania wana desturi ya kuonja mvinyo mpya sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, wakati ule ule wa kuchinja nguruwe. Sisi tulikwenda wiki chache baadaye. Baba mkwe akamjaza Bibi Juana kutoka pipa lililokuwa pembeni peke yake, akaegesha kizibo, akanipa maagizo mawili: akae mahali pa baridi, na kizibo kisikazwe. Kwenye kona ya macho nikaona dumu la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, likijazwa kutoka pipa kubwa la katikati. Mvinyo wake ulikuwa mweusi kuliko wangu. Nikanyamaza. Mkwe mgeni hanung'uniki mbele ya mapipa.

Nilinung'unikia Madrid. Nilimimina glasi, nikaishika mbele ya taa, na moyo ukanishuka. Haukuwa mvinyo ninaoujua, ule wa Dodoma unaojaza glasi kama usiku. Ulikuwa mwekundu wa kuazima, kama sharubati ya harusi ambayo wageni wamezidi kadi za mchango. Nikaiweka glasi juu ya gazeti. Nikasoma matokeo ya mpira, mstari kwa mstari, kupitia mvinyo wa baba mkwe. Nikaonja: mwepesi, mkavu, sukari hamna hata ya dawa, na harufu yake ya vumbi. Vumbi!

Nikajua. Mzee amechakachua.

Mtanzania ukimpa neno hilo, akili yake hukimbia yenyewe. Tumeona mafuta ya taa ndani ya petroli, maji ndani ya maziwa, ukaja wakati neno likahamia hadi kwenye kura. Kwa nini lisifike kwenye dumu la mkwe? Shemeji amepewa mvinyo, mimi nimepewa suuza ya pipa. Miaka minane ya ndoa, shikamoo ngapi sijui, na bado mimi ni mgeni wa kupewa lita 16 za maji yaliyopita karibu na zabibu. Na usiku wa mkesha wa Krismasi, Nochebuena wanavyouita, wakwe wote wangekuja kula kwetu, pamoja na Watanzania wawili rafiki zangu ambao nilikuwa nimewajaza hadithi za mvinyo wa Gredos kuanzia Oktoba.

Mtu mwenye busara angemuuliza mkewe. Mimi nilikwenda duka la Wasenegali, mtaa wa pili, nikanunua choya.

Choya, au rozela kama wengine mnavyoiita, Lavapiés inapatikana kwa urahisi kwa sababu Wasenegali hutengenezea bissap. Nilichemsha gramu 200 na nusu kilo ya sukari hadi ikawa rojo nyekundu nzito, kama lami ya kifalme. Nikachota lita mbili za mvinyo kupisha nafasi, nikazitia kwenye chupa za maji, nikaziweka nje kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, palipo baridi kuliko friji. Kisha nikammiminia Bibi Juana dawa yake, na maua machache ya choya juu yake yakolee. Rangi ikatokea! Mvinyo ukawa wa maaskofu. Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na pijama, anatazama.

"Bibi Juana anaumwa?"

"Ana upungufu wa damu."

Nikampa chokoleti ya kunyamazia. Mlezi yeyote anajua kwamba siri ya mtoto wa miaka sita huinunui. Unaipanga tu, na kodi hupanda.

Ilibidi nimfiche Bibi Juana mke wangu asije akaona rangi mpya kabla ya sikukuu. Nikamsogeza ndani ya kabati la korido, nyuma ya makoti. Ukuta wa nyuma wa kabati lile hupitisha mabomba ya joto ya jengo zima. Kufikia siku ya pili kizibo kilikuwa kimenyanyuka, kama mtu anayetaka kusema jambo kwenye kikao. Nikakikandamiza. Siku ya tatu kikanyanyuka tena. Nikakigongea kwa mwiko, nikakifunga kwa kamba ya vifurushi, mafundo manne. Nilijisifu kwamba nimemaliza tatizo.

Hesabu yake nilikuja kuifahamu baadaye, wakati faida yake imekwisha. Hamira zilizomo kwenye mvinyo wa kienyeji huwa hazijafa. Zimemaliza sukari, zimesinzia kwa baridi. Mimi niliziamsha kwa blanketi na kuziandalia karamu. Gramu nne za sukari kwenye lita moja ya mvinyo, zikichachukia ndani ya chupa iliyozibwa, zinaongeza presha kiasi cha mgandamizo mmoja wa hewa. Gramu nane, umekaribia tairi la gari dogo. Watengenezaji wa shampeni hutia kama gramu 24, na chupa yao ni nene kama ukuta wa boma. Mimi nilitia zaidi ya 30 kwenye lita, ndani ya bibi kizee aliyevaa kikapu.

Basi turudi alfajiri ile.

Kamba ilikuwa imekatika, shingo ya Bibi Juana imepasuka, kizibo tulikuja kukikuta Januari ndani ya buti. Milango ya kabati ilikuwa wazi. Ukuta mweupe wa korido ulikuwa na picha ya jua linalochomoza, mionzi hadi darini. Makoti yalikuwa yanachuruzika. Povu la waridi lilikuwa linatambaa sakafuni kwa utulivu kuelekea mlango wa nje, likapita chini yake, likaanza kushuka ngazi za jengo.

Jirani wa ghorofa ya chini ni mama mstaafu mwenye mbwa mdogo mweupe. Mbwa ndiye aliyetangulia kuona. Yule mama alipotoka na kuona kinachomwagika kutoka kwa watu wa juu saa kumi na moja alfajiri, aliita Bikira Maria kwanza na alikuwa njiani kuita polisi. Mke wangu akatoka na gauni la kulalia: "Ni mvinyo, bibi, ni mvinyo tu!" Yule mama akainama, akachovya kidole, akanusa. Hofu ikamtoka usoni, ikaingia dharau.

"Mvinyo huu umetiwa nini?"

Nikajifanya ninatafuta dekio.

Makoti na ukuta ni mali ya kawaida. Maafa yenyewe yalikuwa rafu ya juu. Mke wangu alikuwa amepiga pasi jana yake kitambaa cha meza cha bibi yake mzaa mama, kilichotariziwa Lagartera, kijiji cha Toledo ambacho wanawake wake wanajulikana Hispania nzima kwa sindano zao. Kitani cheupe, ndege na maua kwa uzi wa hariri, kazi ya majira mengi ya baridi. Hutandikwa Nochebuena peke yake. Alikuwa amekikunja kwa karatasi laini, akakiweka juu kabisa, mbali na mikono ya mtoto. Hakujua kwamba alikuwa anakiweka mbele ya mdomo wa mzinga.

Doa lilikuwa la ukubwa wa sahani. Mke wangu alipokwenda kumtuliza jirani, mimi nikasema nitengeneze kabla hajarudi. Nikakumbuka magadi huondoa kila kitu. Magadi sikuwa nayo, nikachukua baikabonati, nikanyunyiza nusu pakiti. Sasa tazameni. Doa lilikuwa jekundu. Likatulia kidogo, kama linafikiri. Kisha kuanzia ukingoni likaanza kugeuka bluu. Si bluu ya mbingu: bluu ya wino wa kalamu iliyovuja mfukoni, na katikati yake kijani cha maji ya bwawa. Nikapiga kelele.

Nikampigia shangazi Dodoma kwa video. Kule ilikuwa saa mbili kasorobo asubuhi, ameshika ufagio.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso huo? Nani amefariki?"

Nikamwonyesha kitambaa. Akakitazama muda mrefu.

"Hilo ni doa la nini?"

"Mvinyo, shangazi."

"Mvinyo wa bluu?"

Akaniambia nikamue limau. Nikakamua. Bluu ikashtuka, ikageuka zambarau, kisha pinki inayowaka kama khanga mpya. Nikatia baikabonati kidogo kwenye kona nyingine kuhakikisha. Bluu. Limau. Pinki. Kumbe rangi ya ganda la zabibu ni kinyonga: mbele ya ukali wa limau huwa nyekundu, mbele ya magadi huwa bluu. Na rangi ya choya ni ya ukoo huo huo. Nilikuwa sitoi doa, nilikuwa nalibadilisha nguo.

"Shangazi, haitoki!"

"Acha kulichezea, mwite mwenye kitambaa," akasema, akakata simu.

Mwenye kitambaa alikuwa amesimama nyuma yangu. Mkononi alikuwa na shingo ya Bibi Juana, na kati ya vidole viwili kitu kidogo, chekundu, kilichokunjamana. Mhispania mwingine yeyote Lavapiés nzima asingekitambua. Lakini huyu alikaa Dodoma miaka mitatu, akinywa juisi yake kila mchana kwenye kantini ya hospitali.

"Hii ni choya," akasema.

Sikujibu.

"Umemchakachua baba yangu."

Kiswahili nilimfundisha mwenyewe. Siku nyingine mtu hutamani asingekuwa mwalimu mzuri.

Wakwe walifika mchana na mwanakondoo, kamba wa baharini, na vitamu vya turoni vya kutosha mtaa mzima. Baba mkwe nikamwamkia "Shikamoo, baba." Akaangalia ukuta. Akaniangalia mimi. "Marahaba" yake ikachelewa sekunde moja zaidi ya kawaida, nami nikaihesabu.

Mama mkwe hakuuliza chochote. Alichukua kitambaa, akakifunga kwa kamba juu ya sufuria kubwa kama mtu anayewamba ngoma, doa likawa katikati. Akachemsha birika mbili. Akapanda juu ya kiti cha jikoni, mama wa miaka sabini na viatu vyake vya sikukuu, akamimina maji ya moto kutoka juu, mfululizo mwembamba ukitua pale pale. Ikatoka pinki, ikatoka zambarau, maji ya sufuria yakawa mvinyo wa mara ya tatu. Doa likafifia hadi likabaki kivuli cha ukubwa wa sarafu, pale nilipoweka baikabonati kwanza, kando ya mguu wa ndege mmoja. Mama mkwe akashuka kwenye kiti, akakishika kitambaa mbele ya dirisha.

"Hapo aligusa mwanamume," akasema.

Kikakaushwa kwa pasi, kikatandikwa.

Saa tatu usiku televisheni ya Hispania huonyesha hotuba ya Mfalme, na nyumba nyingi huiwasha hata kama hakuna anayesikiliza. Tulikuwa mezani wote: wakwe, shemeji na mkewe, Watanzania wangu wawili. Glasi zilikuwa tupu. Mfalme alikuwa anazungumzia umoja wa taifa. Baba mkwe akageuza kichwa polepole, kama jiwe la Guisando lingegeuka.

"Mvinyo?"

Nilikuwa nimetayarisha maelezo kuhusu mabadiliko ya joto. Binti yangu akaniwahi.

"Babu, Bibi Juana alikuwa na upungufu wa damu. Baba akampa maua na sukari. Halafu akamfunga mdomo kwa kamba. Halafu akapasuka." Akafikiri kidogo. "Mimi nilipewa chokoleti."

Mfalme akaendelea peke yake. Mmoja wa Watanzania wangu akajifunika kwa kitambaa cha mkono, mabega yakitikisika. Ikabidi nieleze, kwa Kihispania changu kilichokuwa kinakimbia upogo, kwamba niliona rangi ni nyepesi, nikadhani labda, pengine, kwa bahati mbaya, maji...

Baba mkwe akaweka uma chini. Nikakumbuka lita mbili.

Nilizichukua dirishani, chupa za maji zimeota jasho la baridi. Zilikuwa safi, hazijaguswa. Baba mkwe akazipokea, akamimina kidogo kwenye glasi yake. Hakunusa, hakuzungusha kama wanavyofanya kwenye filamu. Aliiinamisha glasi juu ya kitambaa, chini kabisa, ikakaribia kugusa. Akaniita kwa kidole.

"Unaona nini?"

Niliona ndege. Kupitia mvinyo nilihesabu nyuzi za bawa lake, moja moja, na kando ya mguu kile kivuli changu cha ukubwa wa sarafu.

"Naona nyuzi."

"Basi."

Ndipo fahali akaongea. Mke wangu anasema hajawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkao mmoja. Akasema Garnacha ina ganda jembamba na rangi haba, Mungu aliigawia harufu. Akasema hata hila yangu si mpya. Katika karne ya 19 Mfaransa Henri Bouschet aliipandisha na zabibu nyingine yenye nyama nyekundu, wakapata ile inayoitwa Hispania garnacha tintorera, Garnacha ya mpaka rangi, ambayo hata ukiibinya maji yake ni damu. Watu waliitumia kukoleza mvinyo uliopauka, kwa sababu wanunuzi walitazama rangi kwanza. Zabibu za bonde lao zilipelekwa kwenye ushirika, zikapimwa kwa kilo, mvinyo ukaondoka kwa matangi bila jina. Vijana wakakimbilia Madrid. Hapo alimtazama binti yake, na binti yake akatazama kamba wake wa baharini. Mashamba ya juu, yenye mawe, yasiyoingia trekta, yakaachiwa nguruwe pori. Kisha wakaja watu wapya wakitafuta mizabibu mizee huko huko juu, akina Daniel Landi na Fernando García waliounda kundi lao la mvinyo, Comando G, mwaka 2008, nao hawakuogopa mvinyo unaopitisha mwanga. Leo watu husafiri kuja kuutafuta.

Akanyamaza. Akajaza glasi zote, kidogo kidogo, lita mbili kwa watu wanane.

Mama mkwe ndiye aliyemalizia, huku akinikatia nyama, bila kuniangalia. Pipa la pembeni, akasema, ni la shamba la juu, zaidi ya mita 1,000, mizabibu aliyoipanda baba yake mume wake. Linatoa kidogo sana. Mwanangu hapa hupewa la kati, la bondeni; jeusi, halina neno, la kunywea na maharage. La pembeni mzee hampi mtu.

Shemeji akainua glasi yake kunielekea. "Miaka arobaini mimi ni mwanawe," akasema, "leo ndiyo nauonja."

Nikaonja na mimi, safari hii nikiwa nimefumba macho, kwa sababu macho yangu yalikuwa na kesi. Kwanza matunda madogo mekundu, mabichi kidogo. Kisha majani makavu, ya aina inayokanyagwa mlimani. Na mwisho lile vumbi nililolisingizia. Lilikuwa vumbi kweli. Lakini lilikuwa vumbi la Hombolo siku ya mvua ya kwanza, mwezi wa Desemba, matone makubwa yanapoanguka kwenye ardhi iliyokauka miezi saba na kila mtu hutoka nje kunusa tu. Kule pia vilima ni vya itale. Nilikaa na harufu ile mdomoni nikashindwa kusema.

Nikasimama, nikazunguka meza, nikainama mbele ya baba mkwe kama ninavyoinama kwa wazee wangu.

"Shikamoo, baba."

Alitafuna. Akameza. Akanywa kidogo. Akafuta mdomo. Mfalme alimaliza hotuba, wimbo wa taifa ukapigwa, wimbo ukaisha.

"Marahaba," akasema.

Siku hizi nina Bibi Juana mwingine. Anakaa kwenye kibaraza, kwenye baridi, kizibo kimeegeshwa, na shingoni amefungwa kikaratasi chenye mchoro wa mshumaa, kazi ya binti yetu. Rangi yake haijaguswa na mtu. Na kila Nochebuena mke wangu hutandika kitambaa cha Lagartera, na kila mwaka ile alama ya ukubwa wa sarafu hutokea mbele ya kiti changu. Miaka miwili ya mwanzo nilidhani ni bahati mbaya. Mwaka wa tatu nikambadilishia shemeji kiti. Nilipotoka jikoni na mkate, kitambaa kilikuwa kimegeuzwa.

Sasa huweka glasi yangu juu yake. Haisaidii kitu. Bado inaonekana.